Somo la Ufugaji Samaki: Madini ya Kuku Si Madini ya Kambare

Familia nyingi za Kaunti ya Kilifi zinazoanza kufuga kambare huwa tayari zimefuga kuku. Ujuzi huo una faida, kwa sababu mfugaji anajua kupima chakula, kusafisha na kuweka rekodi. Hata hivyo, kuna jambo moja la kuku ambalo halifai kuhamishiwa bwawani, nalo ni madini. Kuku wa mayai anahitaji kalsiamu nyingi ya kutengeneza ganda la yai, ndiyo maana tunamsagia kombe au kumnunulia chokaa. Mfugaji akiwapa kambare chakula kilekile cha kuku wa mayai, au akichanganya unga wa kombe kwenye pumba ili mifupa ya samaki ikaze, matokeo huwa kinyume. Samaki hula, magunia huisha, lakini uzito hauji.

Somo hili linaeleza kambare anahitaji madini gani, anayapata wapi, na namna ya kuyalinganisha kwa vyakula vinavyopatikana hapa kwetu, kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Ganze, Malindi na Magarini.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama yote ya kufuga kambare. Kwa hiyo chakula kisichojenga mwili ni hasara inayorudiwa kila siku kwa miezi sita au zaidi, mpaka siku ya kuvuna.

Mwaka 2009 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini, yakiwemo ya Pwani. Kila bwawa lilikuwa la mita mraba 300. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kuendeleza ufugaji wa samaki imo mikononi mwa kaunti. Kuchimba bwawa ni kazi ya siku chache, lakini kulisha samaki ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo mabwawa mengi hushindwa kulipa.

MADINI YANATOKA NJIA MBILI

Kuku hupata karibu madini yake yote kutoka kwa chakula. Samaki ana njia mbili: chakula anachokula na maji anamoishi. Mashavu yake, yale anayopumulia, huchukua baadhi ya madini moja kwa moja kutoka majini.

Kalsiamu ndiyo inayochukuliwa zaidi kwa njia hiyo. Bwawa likiwa na maji yenye kalsiamu ya kutosha, kambare hujichotea mwenyewe mchana na usiku. Sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya kawaida, nazo hupatikana majini na katika vyakula vya kawaida, na magnesiamu vilevile.

Fosforasi ni tofauti. Maji ya kawaida huwa na fosforasi kidogo sana, kwa hiyo samaki lazima aipate katika chakula. Fosforasi hujenga mifupa pamoja na kalsiamu, na pia huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu na nyama. Ikipungua, samaki hudumaa hata kama protini inatosha.

Yapo pia madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno: zinki, chuma, manganizi, shaba, seleniamu na madini joto. Haya hupimwa kwa miligramu, lakini yakikosekana samaki huonyesha.

MAJI YA KILIFI YANA NINI

Ukanda wetu wa karibu na bahari umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Ni mawe hayo yaliyojengea kuta za Gede, na chokaa yake ilichomwa kutoka kwa matumbawe hayohayo. Maji ya visima vinavyochimbwa katika mawe haya hupita kwenye kalsiamu kabla ya kufika kwenye ndoo yako. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za ukanda huu sabuni haitoi povu upesi, na birika hujenga ukoko mweupe ndani. Dalili hizo mbili zinakuambia kwamba maji yako ni magumu, yaani yana kalsiamu tele. Kambare katika maji kama hayo hana haja ya kuongezewa kombe wala chokaa kwenye chakula.

Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye silanga au tangi ni laini na hayana kalsiamu nyingi. Maji ya Mto Sabaki hubadilika kwa msimu na hubeba tope jingi wakati wa mvua. Mwenye kutumia maji haya apime kwanza. Maji yakionekana laini mno, dawa ni kurekebisha maji yenyewe kwa chokaa ya kilimo kwa kipimo atakachopewa na afisa wa uvuvi. Chokaa ya kutibu bwawa na chokaa ya kutia katika chakula ni mambo mawili mbalimbali. Hata ile ya bwawa isimwagwe kwa mazoea, kwa sababu udongo uliotokana na matumbawe mara nyingi hauihitaji.

Kisima chenye ladha ya chumvi kichunguzwe kabla ya kuweka vifaranga. Kambare ni samaki wa maji tamu. Maji ya chumvi yanamfaa zaidi mwatiko, ambaye hufugwa katika mabwawa ya maji ya bahari.

FOSFORASI ILIYOFUNGIWA

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea hesabu. Pumba za mahindi, pumba za ngano, pumba za mpunga na mashudu ya mbegu zote zina fosforasi nyingi zikipimwa maabarani. Lakini takriban theluthi mbili ya fosforasi ya mbegu na pumba imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fiteti. Ng'ombe na mbuzi wanaweza kuifungua kwa msaada wa vijidudu vya tumboni. Kambare hana vijidudu vya kutosha vya kazi hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka na kinyesi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni: samaki ataweza kutumia fosforasi kiasi gani? Majibu mengi tuliyo nayo yanatokana na utafiti wa kambare wanaofugwa Marekani, jamaa ya kambare wetu, na yanatupa mwongozo mzuri:

- Mahindi: kambare hutumia takriban robo ya fosforasi iliyomo.
- Pumba laini za ngano: takriban asilimia 28.
- Mashudu ya soya: kuanzia takriban asilimia 30.
- Unga wa samaki: takriban asilimia 40, na zaidi ukiwa mzuri.
- Unga wa fosfeti uitwao DCP madukani: takriban asilimia 65.
- Unga wa fosfeti uitwao MCP: zaidi ya asilimia 90.

Kambare ana tumbo lenye asidi, na asidi hiyo humsaidia kuyeyusha mifupa ya dagaa. Kwa hiyo anafaidika na unga wa samaki kuliko samaki wasio na tumbo la namna hiyo.

Mahitaji yake, kwa mwongozo huohuo, ni takriban gramu 3.3 hadi 4.5 za fosforasi inayotumika katika kila kilo ya chakula.

KALSIAMU NYINGI HUFUNGA ZINKI

Mtu anaweza kusema: basi kombe haliongezi kitu, lakini pia halidhuru. Linadhuru. Kalsiamu ikizidi katika chakula cha pumba, huungana na fiteti na kuishika zinki kwa nguvu zaidi, na fosforasi pia inazidi kuwa ngumu kutumika.

Tazama kiwango. Katika chakula kisicho na fiteti, kambare ametoshwa na miligramu 20 za zinki kwa kilo. Katika chakula cha kawaida cha pumba na mashudu, watafiti walilazimika kupandisha kiwango hadi karibu miligramu 150 kwa kilo ili samaki akue vizuri. Samaki ni yuleyule, na tofauti inatokana na kile kinachoishika zinki njiani.

Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya takriban gramu 35 hadi 40 kwa kilo. Hicho ni kipimo cha ganda la yai, na kambare hatagi yai lenye ganda la chokaa.

HESABU YA MCHANGANYIKO WA KILO 100

Chukua mchanganyiko wa kwanza, usio na samaki: mashudu ya soya kilo 50, pumba za ngano kilo 40 na unga wa mahindi kilo 10. Kwa makadirio ya kawaida, jumla ya fosforasi ndani yake ni kama gramu 713, yaani zaidi ya gramu 7 kwa kila kilo. Kwa kuangalia karatasi, mtu atasema inatosha na kubaki.

Sasa hesabu ile inayotumika. Soya inatoa takriban gramu 98, pumba za ngano gramu 101, mahindi gramu 7. Jumla ni gramu 206, yaani gramu 2.1 tu kwa kilo. Samaki amepungukiwa kwa zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya chini.

Mfugaji akiongeza kilo 3 za unga wa kombe, ameongeza zaidi ya kilo 1 ya kalsiamu. Fosforasi iliyoongezeka ni kama hakuna. Pengo limebaki palepale, na zinki imeingia taabuni.

Akiongeza kilo 1 na nusu ya DCP badala ya kombe, fosforasi inayotumika hupanda hadi karibu gramu 3.8 kwa kilo. Akitumia MCP, kilo 1 inatosha kuifikisha karibu gramu 4. Anaponunua, alinganishe bei kwa hesabu hii: mfuko wa bei ya chini unaweza kuwa ghali zaidi kwa kila gramu ambayo samaki ataitumia.

Mchanganyiko wa pili una dagaa: mashudu ya soya kilo 35, pumba za ngano kilo 30, unga wa dagaa au omena kilo 20, unga wa mahindi kilo 13, na kilo 2 za mchanganyiko wa vitamini na madini ya samaki, au kiasi kinachotajwa kwenye pakiti. Fosforasi inayotumika ni kama gramu 3.5 kwa kilo, na nyingi yake inatoka kwa dagaa. Hapa DCP si lazima. Protini nayo inafika karibu asilimia 32.

Hesabu hizi ni za makadirio, kwa kuwa malighafi hutofautiana. Faida yake ni kukuonyesha pengo liko wapi kabla hujatoa pesa.

MALIGHAFI ZA HAPA KWETU

Dagaa na omena. Nunua waliokauka vizuri. Walioanikwa chini huja na mchanga, na mchanga huo unaulipia kwa bei ya samaki. Tia konzi moja katika glasi ya maji, koroga, kisha subiri. Mchanga utatua chini na utauona. Maabarani mchanga huhesabiwa pamoja na madini katika kile kiitwacho majivu, kwa hiyo majivu mengi si dalili ya chakula bora.

Vichwa na mifupa kutoka kwenye bandari za wavuvi. Hivi vina fosforasi na kalsiamu pamoja. Vioshwe kutoa mchanga na chumvi, vichemshwe, vikaushwe na kusagwa siku hiyohiyo. Mtoe bunju kabisa, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mifupa ikizidi nyama, unga huo utakuwa na kalsiamu nyingi, basi utumie kwa kiasi na usiongeze chokaa ya aina yoyote.

Mashudu ya nazi. Yanapatikana kwetu na samaki huyala, lakini protini yake ni ndogo kuliko ya soya na fosforasi yake si nyingi. Yafaa kuwa sehemu ya mchanganyiko, yasiwe chakula chote.

Soya. Iwe imepikwa au kukaangwa. Soya mbichi huzuia usagaji wa chakula tumboni.

Chakula kilichotengenezwa kiwandani. Kisome kibandiko chake: kiwe kimeandikwa ni cha samaki, kina alama ya ubora ya KEBS, na tarehe yake haijapita. Chakula cha samaki kilichosawazishwa hakihitaji kuongezewa DCP wala madini mengine.

NAMNA YA KUCHANGANYA

Madini ya kiasi kidogo hayachanganyiki kwa kumwagwa juu ya gunia. Mahali pamoja patakuwa na mengi, pengine hapana kitu. Fuata hatua hizi:

1. Pima madini kwa mizani. Usikadirie kwa konzi.
2. Yachanganye kwanza na kilo 1 ya unga laini, mpaka rangi iwe moja.
3. Tia mchanganyiko huo katika kilo 10 za unga, uchanganye tena.
4. Malizia kwa kuutia katika unga wote.
5. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, uutumie kugandisha, kisha pitisha kwenye mashine ya kusaga nyama upate tambi fupi, uanike kivulini.

Hatua ya mwisho ni muhimu. Unga mkavu ukitupwa majini, madini na vitamini huyeyuka na kuondoka kabla samaki hajafungua mdomo.

BWAWA LA UDONGO NA BWAWA LA KARATASI

Jirani anaweza kutumia pumba na mashudu peke yake na bado akavuna. Chunguza bwawa lake. Bwawa la udongo lenye samaki wachache huzalisha wadudu, konokono na viumbe vidogo vya majini, na hivyo huziba sehemu ya pengo la madini. Katika bwawa la karatasi, ambalo wengi wetu hulazimika kulitumia kwa sababu ya udongo wa kichanga, au katika tangi lenye samaki wengi, chakula hicho cha asili ni kidogo mno. Humo, unachokosea katika mchanganyiko kitaonekana kwa samaki.

DALILI, NA MPANGILIO WA KUZICHUNGUZA

Kukosa fosforasi huleta ukuaji hafifu, mifupa laini, na wakati mwingine mgongo au kichwa kilichopinda. Kukosa zinki huleta mapezi yaliyolika na ukungu mweupe ndani ya jicho. Kukosa chuma hupunguza damu, na mashavu hupauka.

Tahadhari mbili. Kwanza, mgongo uliopinda au fuvu lililopasuka kwa kambare linaweza pia kutokana na ukosefu wa vitamini C, ambayo huharibika chakula kikikaa sana au kikiwekwa penye joto. Pili, kudumaa kuna sababu nyingi. Kabla ya kulaumu madini, uliza kwa mpangilio huu: Je, samaki wanapata chakula cha kutosha? Protini inatosha? Maji yakoje? Vifaranga vilitoka wapi? Majibu yakiwa mazuri, ndipo uchunguze madini.

Pima samaki 20 hadi 30 kila baada ya wiki mbili, uandike. Kisha gawanya kilo za chakula ulichotoa kwa kilo za uzito ulioongezeka. Chakula cha kilo 60 kikileta uzito wa kilo 30, jibu ni 2. Jibu likipanda mwezi hata mwezi, kuna kitu kinapotea, na ni heri kukitafuta mwezi wa pili kuliko siku ya kuvuna.

USIZIDISHE

Fosforasi nayo ina kipimo. Ile isiyotumika hutoka na kinyesi na kurutubisha maji. Bwawa hugeuka kijani kizito, na kuelekea alfajiri hewa majini hupungua. Kambare mkubwa anaweza kupanda juu na kuvuta hewa, lakini perege uliyemchanganya naye hawezi. Maji hayo yakifunguliwa kuelekea kijito au mkono wa bahari, yanawapelekea wengine uchafu huohuo. Yaelekeze kwenye shamba la mboga au migomba, ambako fosforasi hiyo ni mbolea.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Kambare wa ukanda wa matumbawe ana kalsiamu ya kutosha majini. Usimtilie kombe wala chokaa katika chakula.
- Usimlishe chakula cha kuku wa mayai.
- Hesabu fosforasi inayotumika. Ile iliyofungwa ndani ya pumba usiihesabu kama yote ni yake.
- Kama huna dagaa katika mchanganyiko, weka DCP au MCP kwa kipimo.
- Tumia mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezwa kwa samaki, wenye zinki.
- Pima samaki, andika, linganisha.

Mfugaji anayepanga kuweka vifaranga msimu huu anashauriwa kumwona afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yake kabla ya kununua malighafi. Aende na chupa safi ya maji ya bwawa au kisima chake, pamoja na orodha ya vyakula anavyoweza kupata karibu na kwake na bei zake. Kwa vitu hivyo viwili, hesabu ya mchanganyiko wake inaweza kufanywa hapohapo mezani.